Jigi (uvuvi)

Jigi ni chambo bandia cha metali kinachozamishwa wima katika maji yenye kina, kisha kuvutwa juu kwa mitikisiko ili kifanane na samaki mdogo aliyejeruhiwa au anayekimbia. Jigi nzito huwa na gramu 150 hadi 500 hivi. Hutengenezwa kwa risasi, chuma cha pua au tungsteni.

Historia

Kuzamisha ndoana kwa kitu kizito ni mbinu ya kale. Wavuvi wa pwani ya Waswahili hutumia mshipi, yaani uzi wa mkono wenye ndoana, chambo na chubwi. Silikanti wa pili kujulikana na wanasayansi alivuliwa kwa mshipi huko Anjouan, Komori, mwaka 1952. Uvuvi wa jigi wa kisasa ulikuzwa nchini Japani, ukaenea duniani pamoja na nyuzi za kusuka, ambazo ni nyembamba na hazivutiki. Kwa uzi wa namna hiyo mvuvi huhisi samaki akigusa chambo hata kwenye kina cha mita 100.

Uzito na kina

Uzito huchaguliwa kulingana na kina na nguvu ya maji. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini na huwa na nguvu zaidi wakati wa kusi. Uzi ukilala upande badala ya kushuka wima, jigi ni nyepesi mno.

Unguja na Mafia ziko kwenye maji yasiyo na kina kikubwa, lakini mlango bahari wa Pemba hupita mita 700. Jigi nzito hufaa kwenye miteremko ya namna hiyo, hasa kati ya mita 50 na 200. Katika maziwa ya kina kifupi, kama Ziwa Babati mkoani Manyara, hazina kazi.

Matumizi

Boti huachwa ielee na mkondo. Jigi hushushwa hadi chini, kisha huinuliwa mara moja ili isinase mwambani. Kwa sababu hiyo ndoana mara nyingi hufungwa upande wa juu wa jigi kwa kamba fupi. Samaki wanaopatikana ni pamoja na kolekole, chewa, changu na jodari.

Athari

Kwenye kina cha mita 90 shinikizo ni takriban mara 10 ya lile la juu ya maji. Samaki akivutwa haraka, hewa iliyo katika kibofu chake hutanuka; tumbo huvimba na macho hutokeza. Akiachwa hivyo huelea na mara nyingi hufa. Kumrudisha chini kwa uzito unaomwachia akifika kwenye kina humwongezea nafasi ya kuishi.

Chewa wanahitaji uangalifu zaidi. Hukua polepole, na spishi nyingi huanza maisha kama majike na kugeuka madume wakiwa wakubwa. Kuvua wakubwa tu hupunguza madume wa kuzaliana.

Risasi ni sumu. Kuiyeyusha nyumbani ili kutengeneza jigi au chubwi hutoa moshi na vumbi vinavyoweza kudhuru ubongo, hasa wa watoto.