Amplifaya ya hedifoni kwa simu yako: piga hesabu kwanza, hela baadaye



Swali ninaloulizwa sana siku hizi na vijana, hasa wale wanaotengeneza mapigo chumbani kwao, ni hili: "Kaka, ninunue DAC na amplifaya gani ya kuchomeka kwenye simu?" Na mimi huwajibu kwa swali: una hedifoni gani? Kidude hiki huchaguliwa kwa kuangalia hedifoni, siyo bei wala taa zinazowaka. Wengi tukishapiga hesabu pamoja wanakuta hawakihitaji kabisa, au kile cha bei ya chini kinawatosha. Twende taratibu.

KINAFANYA KAZI GANI?

Muziki uliohifadhiwa kwenye simu ni namba tupu. DAC ni chipu inayozigeuza namba hizo kuwa umeme unaopanda na kushuka kufuata sauti. Umeme huo ni dhaifu, ndipo amplifaya inaupa nguvu ya kusukuma hedifoni. Zamani kazi zote mbili zilifanyika ndani ya simu yenyewe, ukichomeka waya unasikia. Apple walipoondoa tundu la 3.5 mm kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na kampuni nyingi zikafuata, kazi hiyo ikahamia nje, kwenye adapta. Hata ile adapta fupi nyeupe ya Apple ya USB-C, inayouzwa dola 9 kule Marekani, ina DAC na amplifaya ndani yake.

Kama unasikiliza kwa Bluetooth, okoa hela yako. Hedifoni ya Bluetooth ina DAC na amplifaya yake tayari, kidude cha kuchomeka kwenye simu hakitaiongezea kitu.

HESABU YENYEWE

Tafuta namba mbili kwenye boksi la hedifoni. Ya kwanza ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Ya pili ni wepesi wa kutoa sauti, unaoandikwa kwa desibeli kwa kila miliwati 1 (dB/mW). Angalia vizuri, maana kampuni nyingine huandika kwa kila volti 1 (dB/V), na hizo ni habari mbili tofauti. Kwenye kidude chenyewe tafuta kinatoa volti ngapi.

Kanuni ni hii: volti mara volti, gawanya kwa omu, unapata wati. Halafu kumbuka kwamba nguvu ikiongezeka mara 2 sauti hupanda desibeli 3, na ikiongezeka mara 10 hupanda desibeli 10.

Tuchukue Beyerdynamic DT 770 Pro, ambayo watu wa studio wanaijua sana. Ina desibeli 96 kwa miliwati 1, na hutoka kwa omu tofauti. Ukiipa volti 1:

- Ya omu 80: inapata miliwati 12.5, sauti inafika kama desibeli 107.
- Ya omu 250: inapata miliwati 4, sauti inafika kama desibeli 102.

Volti zikiwa 2, ongeza desibeli 6 kwenye kila moja. Zikiwa nusu, toa 6. Basi, hesabu imeisha!

Sasa, desibeli 107 ni kelele kubwa sana. Unahitaji kiasi hicho kwa vile vilele vya ngoma vinavyopiga na kupotea, siyo kwa kusikiliza muda wote. Kwa hiyo mwenye omu 80 anatoshwa na adapta ya volti 1. Mwenye omu 250 akipata ya volti 2 anakaa kwa raha. Na zile eafoni ndogo za kuingiza sikioni, za omu 16 au 32, karibu adapta yoyote nzuri inazitosha. Mimi mwenyewe natumia za omu 80 na adapta ndogo ya kawaida, na sijawahi kufikisha sauti mwisho.

AINA ZAKE

1. Adapta ya mkia. Ndogo, haina betri, inakula chaji ya simu. Nyingi hutoa kati ya volti 1 na 2. Ubaya wake ni kwamba inaziba tundu la kuchajia, isipokuwa kama ina tundu la pili.

2. Yenye betri yake. Mfano ni Chord Mojo, iliyotoka mwaka 2015, na Mojo 2 ya mwaka 2022. Ina nguvu nyingi, inafaa hedifoni ngumu kusukuma. Lakini ni nzito, ni ghali, na ni kitu kingine cha kuchaji kila siku. Umeme ukikatika unajua mwenyewe.

3. Ya kupokea Bluetooth, kama zile FiiO BTR. Unachomeka hedifoni ya waya kwenye kidude, nacho kinaongea na simu hewani. Simu inaendelea kuchaji. Kwa kusikiliza ni nzuri, ila kwa anayepiga kinanda kwenye programu ya simu sauti huchelewa kidogo, na hilo linakera.

YA KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Nenda na simu yako na hedifoni yako. Muuzaji asiyekubali ujaribu, muage kwa heshima.

- Je, adapta ina chipu ndani? Kuna adapta za USB-C ambazo ni waya mtupu, zinategemea simu itoe sauti yenyewe. Simu nyingi hazifanyi hivyo, kwa mfano Samsung za daraja la juu tangu Note10 ya mwaka 2019. Unachomeka, kimya! Adapta si mbovu, ila hiyo simu haiitaki.
- Je, simu inakubali OTG? Android ilianza kukubali sauti kupitia USB kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2014, lakini kuna simu ambazo lazima uwashe OTG kwenye mipangilio. iPhone kuanzia 15, ya mwaka 2023, zina USB-C. Za kabla yake zinataka waya wa Lightning.
- Je, sauti inafika? Adapta ya Apple ikichomekwa kwenye baadhi ya simu za Android hutoa sauti ndogo mpaka utumie programu inayoshika USB moja kwa moja, kama USB Audio Player PRO. Na ile ya soko la Ulaya hutoa nusu volti tu.
- Je, kuna mvumo? Chomeka eafoni, usipige muziki, sikiliza. Ukisikia "shhhh", amplifaya hiyo haiendani na eafoni zako.
- Je, ukinzani wa kidude chenyewe ni mdogo? Usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa eafoni za omu 16, usizidi omu 2. Ukizidi, besi inaweza kubadilika.
- Je, maikrofoni inafanya kazi? Piga simu palepale dukani.

MANENO YA BOKSI YASIKUTISHE

"768 kHz", "32 bit"... wala usibabaike. CD ilikuja mwaka 1982 na 44.1 kHz na biti 16, na hiyo inatosha kubeba sauti zote ambazo sikio la binadamu linasikia. Nembo ya MQA nayo usiilipie: kampuni yake iliingia kwenye ufilisi mwaka 2023, na Tidal wakaachana nayo mwaka 2024. Na kama muziki wako ni MP3 ya kbps 128 iliyopitia simu kumi, hakuna amplifaya itakayorudisha kilichokatwa.

MASIKIO

Hapa ndipo naomba msome mara mbili. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtu mzima asikilize desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, basi. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Ukifika 95 umebakiwa na saa 1 na robo kwa WIKI NZIMA. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena, na ule mlio wa "niiiii" unaweza kubaki nawe mpaka uzeeni. Kwa anayetafuta riziki kwa kuchanganya muziki, sikio ndilo jembe lake. Hedifoni ikionekana haina nguvu kwa sababu daladala inapiga kelele, dawa ni hedifoni inayoziba sikio vizuri, siyo amplifaya kubwa.

KWA KIFUPI

Eafoni au hedifoni chini ya omu 100: adapta ndogo yenye chipu, na hela inayobaki weka kwenye hedifoni bora, maana hapo ndipo tofauti inasikika. Omu 250 au 300: tafuta volti 2. Mzigo wenye betri uje mwisho kabisa, pale tu hesabu itakapoudai.

Mwenye hedifoni na hajui namba zake, ataje jina na modeli hapo chini, tupige hesabu pamoja. Nawakilisha.