Hujui Ku-code? Bado Unaweza Kuchangia Programu Huria, na Hii Ndio Njia

Story ya Desemba 2007 unaijua. Kura zikahesabiwa, fujo zikaanza, serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Januari 2008, wasee wachache akiwemo wakili Ory Okolloh na developa David Kobia wakaunda tovuti kwa siku chache tu. Ukiona noma mahali, unaripoti, inawekwa kwa ramani. Wakaiita Ushahidi.

Kitu wengi hawajui ni kwamba Ushahidi ni programu huria. Msimbo wake, yaani yale maandishi ya ndani yanayoiendesha, uko wazi pale GitHub. Unaweza kuusoma, kuuchukua bure, kuubadilisha, halafu urudishe ulichorekebisha. Hakuna interviu, hakuna "tuma CV tutakupigia". Huko kurudisha ndiko kuchangia. Bila hivyo programu hudedi polepole: walioianzisha wanachoka, kasoro zinarundikana, na hakuna wa kuzishika.

Sasa hapa ndipo msee husema, "Mimi sijui coding, hii si yangu." Tulia kwanza. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi lilipiga Haiti, na Ushahidi ikatumika kuonyesha wenye shida wako wapi. Watu walikuwa wanatuma meseji kwa namba 4636, lakini kwa Krioli, lugha ambayo waokoaji wengi kutoka nje hawakuielewa. Wahaiti walio ng'ambo wakakaa kwa laptop wakitafsiri, wakieleza pia mtaa fulani uko upande gani. Wengi wao hawakuwa madevelopa. Walijua lugha na walijua mitaa yao, basi. Bila wao, zile meseji zingekaa tu kwa skrini.

Kwa hivyo anza na unachokijua. Kutafsiri kwa Kiswahili ni kazi. Kurekebisha maelekezo yaliyokuchanganya ni kazi. Kuripoti kasoro nayo ni kazi, lakini usiandike tu "haifanyi". Sema unatumia simu gani, ulibonyeza nini, ulitarajia nini, ukaona nini, kisha weka picha ya skrini. Na kama unajua ku-code kidogo, miradi mingi huweka lebo kwenye kazi ndogo za wanaoanza. Chukua moja, sio tano.

Na kama mradi ni wako, na unashangaa mbona hakuna anayekuja? Wengi hukimbilia zawadi. Hebu uliza Hacktoberfest. DigitalOcean waliianzisha 2014: changia miradi huria mwezi wa Oktoba, upate tishati. Poa sana, mpaka 2020, watu walipoanza kutuma upuzi, mwingine akiongeza neno moja tu la sifa kwenye faili ya maelezo ili ahesabiwe. Wenye miradi wakazama kwenye takataka. Waandalizi wakabadilisha sheria mwezi ukiwa ushaanza, ikahesabiwa miradi iliyokubali kushiriki pekee. Kufikia 2023 tishati zikatolewa, wakabaki na beji za kidijitali. Tishati ilileta watu, ndio, lakini walikuja kwa sababu ya tishati.

Mimi naona dawa kubwa ni ya bei rahisi: jibu watu. Msee ametuma kitu chake cha kwanza akiwa na uoga, wiki tatu kimya. Unadhani atarudi? Hata "asante, nitaiangalia Jumatatu" inatosha. Ukikataa, mwambie sababu na umwonyeshe pa kurekebisha. Ukikubali, taja jina lake waziwazi, hata kama amerekebisha koma moja.

Na wewe uliyetuma ukanyamaziwa, wiki ikipita uliza tena kwa upole. Huwasumbui. Wengi wao wanajitolea, na mchana wako kazini kama wewe.