Kambi ya Vijana na Familia Wakati wa Kipupwe

Kambi ya kiroho ni siku chache ambazo vijana na familia hukaa pamoja katika sala, mafundisho na michezo. Huku Nyangamara, Jimbo la Lindi, wakati wake mwafaka ni kipupwe, Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekoma. Lakini ndio pia msimu wa kupulizia mikorosho salfa. Hivyo kamati iwasikilize kwanza wakulima, ndipo ipange tarehe, wazazi wasikosekane. Mchango upokewe hata kwa mahindi au mbaazi, asiachwe mtoto yeyote kwa sababu ya ufukara. Wavulana na wasichana walale mahali tofauti, chini ya walezi wao. Kila mmoja aje na blanketi na chandarua. Kambi ianze Ijumaa jioni, ihitimishwe kwa Misa ya Dominika pamoja na parokia nzima.