Besiboli: Timu za Marekani hupimaje chipukizi wa ligi ndogo?

Kila mwanzo wa mwaka, kabla msimu wa besiboli haujaanza, majarida na tovuti za michezo nchini Marekani hutoa orodha ya chipukizi 100 bora wanaosubiri kujijenga Ligi Kuu. Mashabiki huzisoma kwa hamu, hasa wale wa timu zinazofungwa kila wiki. Kwao, majina hayo ndiyo matumaini yaliyobaki.

Lakini kuingia kwenye orodha si kufika. Wapo walioimbwa wakiwa na miaka 20 na leo hakuna anayewakumbuka, na wapo ambao hawakuorodheshwa wakaja kubeba vikombe. Makala haya yanaeleza jinsi timu zinavyopima vijana wake, na kwa nini hata wataalamu hukosea.

Ligi ndogo ni nini?

Msikilizaji wa soka anaijua timu ya vijana ya U-20. Katika besiboli mfumo huo ni mkubwa zaidi. Ligi Kuu, yaani MLB, ina timu 30. Tangu mwaka 2021 kila moja ina timu 4 za ligi ndogo zinazocheza katika miji mbalimbali, hivyo jumla ni timu 120. Chini yake kuna timu za mafunzo kwa wanaoanza kabisa.

Ngazi hizo 4, kutoka chini kwenda juu, ni Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Kijana hupanda ngazi moja baada ya nyingine, na wengi hukwama njiani. Wataalamu huitazama sana Double-A, kwa sababu hapo ndipo warushaji wanapoanza kuwa na ujanja. Mpigaji aliyezoea mipira ya kasi iliyonyooka hukutana na mipira inayopinda na kudondoka, na udhaifu wake huonekana.

Wanaocheza huko hawaishi maisha ya kifahari. Kwa mkataba wa pamoja wa mwaka 2023, mshahara wa chini wa Triple-A ulipanda kutoka dola 17,500 hadi dola 35,800 kwa mwaka. Mwaka 2024 mshahara wa chini wa Ligi Kuu ulikuwa dola 740,000. Umbali kati ya ngazi ya juu ya ligi ndogo na Ligi Kuu ni hatua moja, lakini kwa mfuko wa kijana na familia yake ni kama mbingu na ardhi.

Kwa nini chipukizi ni mali?

Mchezaji anayepanda Ligi Kuu hubaki chini ya timu yake kwa takriban misimu 6 kabla ya kuwa huru kwenda anakotaka. Katika miaka 3 ya mwanzo, kwa kawaida hulipwa karibu na mshahara wa chini. Kwa hiyo timu iliyolea kijana mzuri hupata huduma kubwa kwa gharama ndogo, na fedha inayobaki hununulia nyota wengine.

Chipukizi pia ni kama akiba benki. Timu inayotaka ubingwa mwaka huu huweza kutoa vijana wake na kupewa mchezaji aliyekomaa. Hapo ndipo kupima vibaya kunapouma: unaweza kutoa dhahabu ukapokea shaba.

Kipimo cha 20 hadi 80

Maskauti hawatoi alama kwa asilimia. Hutumia kipimo kinachoanzia 20 hadi 80. Alama 50 ni uwezo wa kawaida wa mchezaji wa Ligi Kuu, si wa ligi ndogo. Alama 60 ni nzuri, 70 ni ya nyota, na 80 hutolewa kwa nadra sana.

Mpigaji hupimwa kwa mambo 5: kuugonga mpira mara kwa mara, nguvu ya kuupeleka mbali, mbio, mkono wa kutupa na ufundi wa kudaka. Mrushaji hupimwa kwa kila aina ya mpira anaorusha, pamoja na uwezo wa kuuweka anapotaka.

Kila kipengele huwa na alama mbili: ya leo na ya baadaye. Kijana wa miaka 18 anaweza kupewa nguvu 30 leo na 60 ya baadaye, kwa kuwa mwili wake bado unakua. Ile ya pili ni utabiri, na makosa mengi huzaliwa hapo.

Takwimu: anza na umri

Siku hizi kamera na rada hupima kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo na mizunguko yake unapotoka mkononi. Hata hivyo, swali la kwanza bado ni jepesi: ana miaka mingapi, na anacheza ngazi gani? Mwenye miaka 20 anayefanya vizuri Double-A anawashinda waliomzidi umri. Mwenye miaka 25 mwenye takwimu zilezile huenda anawaonea watoto.

La pili ni kuangalia makosa na subira. Mpigaji akihesabiwa straiki 3 hutolewa. Mrushaji akikosa eneo mara 4, mpigaji huenda besi ya kwanza bila kupiga. Kijana anayetolewa kwa straiki mara nyingi akiwa ngazi za chini atapata shida zaidi juu, hata kama leo anapiga mipira mirefu inayoshangiliwa.

La tatu ni uwanja. Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali. Mpigaji wa huko huonekana jabali, na mrushaji huonekana dhaifu kuliko alivyo.

Warushaji na viwiko vyao

Warushaji ndio wagumu zaidi kutabiri, kwa sababu kazi yao huumiza mkono. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kano ya kiwiko, na hadi leo upasuaji huo unaitwa kwa jina la mgonjwa. Wengi hupona na kurudi, lakini huchukua mwaka mmoja au zaidi, na si kila mmoja hurudi alivyokuwa.

Mfano: Kansas City Royals, 2011

Hakuna somo zuri kama la Kansas City Royals. Timu hiyo haikuwa imeingia hatua ya mtoano tangu ilipotwaa ubingwa mwaka 1985. Mwanzoni mwa mwaka 2011, jarida la Baseball America liliweka vijana wake 9 katika orodha ya 100 bora. Nini kiliwapata?

Eric Hosmer na Mike Moustakas walitimiza ahadi na kuwa nguzo za timu. Danny Duffy alipasuliwa kiwiko mwaka 2012, akapona na kuitumikia Royals kwa miaka mingi.

John Lamb, aliyekuwa miongoni mwa 20 wa juu, alipasuliwa kiwiko mwaka 2011 na hakudumu Ligi Kuu. Chris Dwyer alicheza mechi 2 tu za ngazi hiyo.

Wil Myers, Jake Odorizzi na Mike Montgomery walipelekwa Tampa Bay Desemba 2012, katika mabadilishano yaliyowaleta warushaji James Shields na Wade Davis. Wengi walilalamika, na mwaka uliofuata Myers alichaguliwa mchezaji bora chipukizi wa upande wake wa ligi, American League. Montgomery naye alikuja kurusha mpira wa mwisho uliowapa Chicago Cubs ubingwa wa 2016.

Je, Royals walipunjwa? Mwaka 2014 walifika fainali. Mwaka 2015 walitwaa ubingwa kwa kuwafunga New York Mets michezo 4 kwa 1, na aliyerusha mpira wa mwisho ni Wade Davis. Katika mchezo huohuo, pigo lililowaweka mbele lilitoka kwa Christian Colon, wa tisa katika wale vijana wa 2011, ambaye hakuwahi kuwa nyota.

Na mchezaji bora wa fainali hizo? Salvador Perez, mdakaji kutoka Venezuela aliyesajiliwa mwaka 2006 akiwa na miaka 16 kwa dola 65,000. Hakuwemo kwenye orodha ile ya 100.

Somo ni kwamba vijana 9 hawakuleta nyota 9. Walileta wachache wa kudumu, wachache wa kubadilishana, na wengine wakapotea. Lakini wingi wao ndio uliowapa Royals nafasi ya kukosea na bado kushinda.

Afrika iko wapi?

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Maskauti walimsifu kwa kudaka, wakatilia shaka upigaji wake. Alikaa ligi ndogo miaka 8 na zaidi, hadi Aprili 26, 2017, alipokuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu, na akaugonga mpira vizuri mara ya kwanza alipopewa gongo. Mechi zake za ngazi hiyo hazikufika 50. Shaka ya maskauti ilikuwa na msingi, lakini mlango aliufungua yeye.

Karibu na kwetu, watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport mwaka 2012, wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kufika. Miaka 10 baadaye, Los Angeles Dodgers waliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Kusajiliwa huko ni ngazi ya chini kabisa, na vipimo vyote tulivyoeleza vinawahusu.

Ukisoma orodha, uliza haya

Kijana ana miaka mingapi, na yuko ngazi gani? Hutolewa kwa straiki mara ngapi? Ni mpigaji au mrushaji, na mkono wake una historia gani? Sifa zake ni za leo au ni za utabiri? Na nyuma yake timu ina wangapi wengine?

Swali hilo la mwisho ndilo shabiki husahau. Mkulima hapandi mbegu moja akaisubiri. Hupanda shamba, akijua ndege watakula nyingine na jua litaunguza nyingine. Timu iliyoweka matumaini yake yote kwa kijana mmoja haina akiba, hata kama kijana huyo ni wa kwanza kwenye orodha.