Saruji Bila Mfuko: Historia ya Trela la Shinikizo na Tatizo la Jina Lake

Apitaye Barabara ya Bagamoyo karibu na Kilima cha Wazo, kaskazini ya Dar es Salaam, hukutana na malori ya saruji ya namna mbili. Ya kwanza hubeba mifuko iliyopangwa na kufunikwa turubai. Hayo hayahitaji maelezo. Ya pili huvuta chombo kikubwa cha chuma au alumini, mfano wa pipa lililolazwa, ambacho tumbo lake limeteremka chini kwa faneli mbili au tatu. Asiyekijua hudhani kuwa ndani mna mafuta au maji. La, mna saruji kavu, tani 25 au 30, isiyo na mfuko hata mmoja. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chombo hicho kilivyozaliwa, na kuonyesha kwamba dhana ya mpita njia huyo si kosa dogo, kwa kuwa imo hata katika jina tulilokipa.

Yafaa tuanze na neno saruji lenyewe. Limetufikia kwa njia ya Kiarabu kutoka Kiajemi, na huko Omani hata leo lingali jina la udongo uliochomwa na kusagwa, unaotumiwa kujengea mifereji ya falaji na kutengenezea ngome za kale. Katika pwani yetu kazi hiyo ilifanywa na chokaa ya matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo, na kwayo yakajengwa majumba kama Husuni Kubwa ya Kilwa katika karne ya 14. Mwaka 1824 Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds katika Uingereza, alipata hataza ya kitu alichokiita saruji ya Portland, kwa kuwa ilifanana na jiwe la mahali hapo. Kitu kigeni kilipofika kwetu, neno la zamani likakipokea. Wengine wakasema simenti, na maneno hayo mawili yanaishi pamoja mpaka sasa.

Adui wa saruji ni unyevu. Ikipata maji kabla ya wakati wake hugeuka jiwe lisilofaa kitu. Kwa hiyo katika karne ya 19 ilisafirishwa ndani ya mapipa ya mbao. Huko Marekani pipa moja lilichukua ratili 376. Mifuko ilipochukua mahali pa mapipa, mmoja ulifanywa robo ya pipa, yaani ratili 94. Uingereza ilifuata kipimo chake cha ratili 112, ambacho ni karibu kilo 51, na mfuko wetu wa kilo 50 ni mrithi wake. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kipimo hicho hakikutokana na tabia ya saruji, bali kilihusu bega la mchukuzi: uzito ambao mwanamume mwenye nguvu aweza kuuinua, akautua, akarudi kuchukua mwingine, tangu asubuhi hata jioni. Bega hilo lililipa gharama ambayo haikuandikwa katika hesabu. Vumbi la saruji huunguza macho na ngozi na kudhuru mapafu, na mgongo wa hamali huchakaa kabla ya umri wake. Uingereza ya leo imekwisha kupunguza mfuko hadi kilo 25. Kwetu kilo 50 zingali desturi.

Namna ya kuuacha mfuko haikupatikana mpaka watu walipoitambua tabia moja ya unga. Unga uliolala hushikamana, wala haumwagiki kwa urahisi. Lakini hewa ikipenyezwa kutoka chini, ikaingia baina ya chembe na chembe, unga huvimba, hulegea, na kutiririka kana kwamba ni maji. Tabia hiyo ilitumiwa na Mjerumani Fritz Winkler, aliyepata hataza mwaka 1922 kwa njia yake ya kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi. Wakati ule ule Marekani ilikuwa na pampu iliyoitwa Fuller-Kinyon, ambayo kwa parafujo na hewa iliyoshindiliwa ilisukuma unga wa makaa katika mabomba, na baadaye ikasukuma saruji. Katika maziwa makuu ya nchi hiyo meli Samuel Mitchell ilikuwa imegeuzwa mwaka 1916 ili ichukue saruji isiyofungwa, na mwaka 1923 ikafuata John W. Boardman, iliyoundwa tangu mwanzo kwa kazi hiyo.

Meli na mabomba ya kiwandani, hata hivyo, hayakuweza kumfikia mjenzi aliye mbali na maji. Ilibakia barabara. Katika miaka ya 1950 na 1960 matrela yenye hewa yakaenea Ulaya na Marekani, na muundo wake haukubadilika sana tangu hapo. Saruji huingizwa kwa mifuniko ya juu, kisha mifuniko hufungwa imara. Mtambo uendeshwao kwa nguvu ya injini ya lori hushindilia hewa, nayo huingia chini ya faneli kupitia kitambaa kizito kipitishacho hewa na kuzuia unga. Shinikizo hupanda, hata kufikia bar 2 zaidi ya hewa ya nje. Ndipo dereva afunguapo vali ya chini, na saruji ikakimbia katika bomba lenye upana wa milimita 100 hivi, ikapanda ghala la mnara lenye urefu wa mita 20 au zaidi. Juu ya mnara pana chujio: hewa hutoka, vumbi hubaki. Kazi iliyohitaji kundi la wachukuzi na mifuko 600 hufanywa na mtu mmoja kwa muda wa saa moja hivi.

Katika Afrika ya Mashariki kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na kile cha Wazo mwaka 1966. Mjenzi wa nyumba ya kawaida hununua mfuko hata leo, na katika mazungumzo yetu saruji huhesabiwa kwa mifuko. Lakini penye daraja kubwa, bandari au ghorofa ndefu, penye mtambo wa kuchanganya zege, mfuko hauna nafasi tena. Bandarini shehena isiyofungwa imekwisha kupata jina zuri, shehena kichele. Chombo kiichukuacho barabarani hakikupata bahati hiyo. Tumekiita tangi la saruji, na basi.

Mtu aweza kuuliza, jina hilo lina ubaya gani? Ubaya wake ni kwamba latueleza umbo na kutuficha kazi. Tangi, kwa msikilizaji wa Kiswahili, ni la maji au mafuta; likiisha kumwagwa ni tupu, na kilicho tupu hakina hatari ya kupasuka. Trela hili sivyo lilivyo. Saruji ikiisha, hewa yaweza kuwa imebaki. Na tufanye hesabu: mfuniko wenye upana wa nusu mita, chini ya shinikizo la bar 2, husukumwa juu kwa nguvu ilingananayo na uzito wa tani 4. Hata ikibaki sehemu ya kumi tu, nguvu hiyo ni kilo 400. Mtu apandaye juu akafungua kitasa kwa kuamini kuwa chombo ni tupu huweza kurushwa akafa. Kumwambia kijana wa kazi, “Panda ufungue, tangi ni tupu,” ni kusema kweli kuhusu saruji na kusema uongo kuhusu hewa.

Kwa sababu hiyo napendekeza liitwe trela la shinikizo. Neno hili si la kuundwa jana. Wazee wetu waliliita shinikizo lile kinu la kukamulia mafuta ya ufuta, lililozungushwa na ngamia. Siku hizi kila mtu husema shinikizo la damu, wala hahitaji kufasiriwa. Tayari limebeba maana ya nguvu isiyoonekana ikandamizayo ndani ya kitu, nayo ndiyo maana tuitakayo. Madereva wakiwa na neno lao lililo bora, tulisikilize na kulipokea, maana wao ndio wakaao na chombo.

Historia hii, basi, ni ya mzigo ulioondoka begani mwa mtu ukapewa hewa. Hamali alipoutua mfuko, kila aliyempita aliuona uzito wake. Hewa haionekani. Kwa hiyo ni wajibu wa lugha kuitaja.