Simu Huru na Swali la WhatsApp

Septemba 2009 kampuni ya Google ilimwandikia Steve Kondik barua ya kisheria. Kondik ndiye aliyeanzisha CyanogenMod, toleo la Android lililotengenezwa na watu wa kujitolea na kugawiwa bure. Android yenyewe Google haikuweza kumzuia, maana msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Walichomkataza ni kusambaza programu zao: duka la programu, Gmail, YouTube. Akaziondoa, na tangu hapo anayezitaka huziweka mwenyewe kutoka kwenye faili la pembeni ambalo sisi mafundi tunaliita gapps. Kwangu mimi, historia nzima ya simu huru imo ndani ya faili hilo.

Mimi ni fundi simu, kazi yangu naifanyia Kariakoo, na simu iliyonionyesha uhuru huo ni Samsung Galaxy S III. Ilitoka 2012, na kiwanda kikaiacha kwenye Android 4.3. Kuiflashi, yaani kuiwekea mfumo mwingine, unaizima, unabana kwa pamoja kitufe cha kupunguza sauti, cha katikati na cha kuwashia. Inakuonya kwanza, ukiridhia unabonyeza cha kuongeza sauti, anatokea roboti wa kijani na maneno ya kukataza usiizime. Unachomeka waya wa kompyuta, unaingiza rikavari, programu ndogo ya kuwekea mfumo, halafu mfumo wenyewe. Simu ambayo kiwanda kilishaisahau ikafika Android 7.1, kwa kazi ya LineageOS, waliopokea kijiti CyanogenMod ilipofungwa Desemba 2016. Ile furaha ya mteja akiiona simu yake imekuwa nyepesi tena, sijaizoea mpaka leo.

Lakini kabla hajalipa anauliza, “Fundi, WhatsApp ipo?” Kwenye Android isiyo na gapps jibu ni ndiyo, kwa sababu WhatsApp wenyewe wanaiweka kwenye tovuti yao. Kinachogoma ni programu zinazotegemea huduma za Google kwa ramani au taarifa, na zile za benki zinazokagua kama mfumo umebadilishwa. Hapo mteja anasema, “Basi niwekee tu hizo gapps, kaka.” Namwekea.

Walioenda mbali zaidi ya Android yaliwakuta makubwa. Nokia N900 ya mwaka 2009, yenye kibodi ya kuvuta na mfumo wa Maemo, ilikuwa kompyuta ya Linux mfukoni. Haikupata kamwe WhatsApp rasmi. Ikaja Firefox OS. Mozilla waliianza 2011 wakiamini kwamba programu ya simu inaweza kuandikwa kama ukurasa wa wavuti, isimilikiwe na duka la mtu yeyote. Simu za kwanza ziliuzwa Hispania Julai 2013, na mwaka uliofuata wakatangaza mpango wa simu ya dola 25. Nililipenda wazo lile kuliko lolote nililowahi kulisikia kwenye kazi hii. WhatsApp haikuja huko pia, na Desemba 2015 Mozilla wakatangaza kwamba hawataendelea kuuza simu hizo kupitia kampuni za mitandao.

Msimbo wao haukufa. Ulizaa KaiOS, ya simu za vitufe za bei nafuu, iliyopata dola milioni 22 za Google mwaka 2018. Mwaka huohuo WhatsApp ikaingia, kwanza kwenye JioPhone kule India, na 2019 ikazifikia simu nyingine za KaiOS. Tatizo lilikwisha, ila kwa ridhaa ya mwenye WhatsApp. Juni 2024 ikaondolewa kwenye duka la KaiOS. Aliyenunua simu kwa ajili hiyo baada ya hapo akabaki na redio na tochi.

Hata hivyo sikubali ninapoambiwa kwamba uhuru na matumizi ya kila siku haviwezi kukaa pamoja. Tazama fedha. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 ikiwa ndani ya menyu ya laini, na Vodacom wakaileta Tanzania 2008. Hapa unabonyeza *150*00# kwenye karibu simu yoyote, iwe ya tochi au iliyoflashiwa. Haiulizi mfumo wako ni wa nani, kwa kuwa namba hizo zinapita kwenye kanuni za GSM ambazo karibu kila mtengenezaji wa simu anazifuata. Ujumbe wa intaneti haukupata kanuni inayofuatwa na wote namna hiyo. Ukaangukia mikononi mwa kampuni moja.

Kwa hiyo anayenijia leo akitaka simu isiyo na Google, kwanza namuuliza benki yake ni ipi. Akiwa CRDB ana *150*03#, akiwa NMB ana *150*66#, na hapo naanza kuiflashi bila wasiwasi. Akiniambia kazi yake ni udereva wa teksi ya kuitwa kwa programu, namshauri aiache simu yake kama ilivyo.