Kazi ya wafuatiliaji wa magonjwa: inakuja na Ebola, inaondoka nayo

Mwaka wa 1976 ugonjwa usiojulikana uliua watu kule Yambuku, jimbo la Equateur, inchi ikiitwa bado Zaire. Munganga Jean-Jacques Muyembe, aliyetumwa kutoka Kinshasa, alitoa damu ya wagonjwa bila glavu. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Hiyo ndiyo Ebola ya kwanza ya Kongo. Wenye kusomea namna magonjwa yanavyoenea walikuwa wachache sana.

Leo vyuo vinawatoa. Kazi ndiyo shida.

Beni, Butembo na Mangina wanakumbuka. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, na vijana wakaandikwa kazi: kufuatilia waliogusana na wagonjwa, kupima joto kwenye vizuizi, kujaza fomu. Munganga wa serkali anayengojea mshahara wake miezi na miezi aliona jirani akilipwa dola. Watu wakaita hiyo "biashara ya Ebola", na si kwa kicheko: wengine walikataa chanjo kwa sababu ya maneno hayo, na waganga wakashambuliwa. Tarehe 25 Juni 2020 ikatangazwa mwisho, zaidi ya watu 2,200 wakiwa wamekufa. Mikataba ikaisha pia.

Mwaka wa 2025 Marekani ilipokata misaada, nafasi zilipungua tena. Kipindupindu na mpox havikupungua kwa sababu hiyo. Kwenye mitaa na kambi za wakimbizi wa ndani, wa kwanza kuona mgonjwa bado ni rele komunoteri, mwenye daftari na kalamu, asiye na mshahara.